Treni ya spidi 160, safari ya saa tatu na nusu: dakika nyingine zinakwenda wapi?

Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, kuna hesabu moja inayorudiwa sana, mitandaoni na kwenye foleni za abiria. Inakwenda hivi: reli ni takriban kilomita 450, treni ina uwezo wa kilomita 160 kwa saa, basi safari haifiki hata saa tatu. Ni saa mbili na dakika hamsini hivi. Halafu mtu anapanda, anaangalia saa, anakuta ametumia saa tatu na nusu. Kama alikata tiketi ya treni ya kawaida, amekaribia saa nne. Anashuka Dodoma akiamini kwamba ile spidi ilikuwa ya kwenye matangazo tu.

Spidi ni ya kweli, na safari ya saa tatu na nusu nayo ni ya kweli. Kinachokosekana katikati ni maelezo ya namna safari ya treni inavyotengenezwa, na hayo ndiyo nataka kuyaweka hapa, kwa sababu mtu akishayaelewa anasoma ratiba kwa macho tofauti kabisa.

Tuanze na majina, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. SGR ni jina la aina ya reli, si la treni. Ni reli ambayo upana kati ya chuma kimoja na kingine, ukipima kwa ndani, ni milimita 1,435. Juu ya reli hiyo moja zinapita treni za aina mbalimbali. Ipo treni ya kawaida, ambayo husimama stesheni nyingi njiani. Ipo treni ya haraka, ambayo wengi wanaiita ekspresi, inayozipita nyingi kati ya hizo bila kusimama. Na ipo ile yenye pua ndefu, EMU, ambayo Watanzania wameibatiza mchongoko. Ilianza kubeba abiria tarehe 1 Novemba 2024, miezi michache baada ya treni zinazovutwa na kichwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "nilipanda SGR nikachelewa" na mwingine akasema "mimi nilipanda SGR nikawahi", huenda wote wawili wako sahihi. Walipanda treni tofauti.

Jina la treni ya mwendokasi nalo limechangia. Limewafanya watu wafikirie treni za Japani. Chama cha kimataifa cha mashirika ya reli kinahesabu kuwa ni reli ya kasi ya juu ile iliyojengwa kwa ajili ya kilomita 250 kwa saa au zaidi, au reli ya zamani iliyoboreshwa hadi kufikia 200 hivi. Ya Dar–Dodoma ina kikomo cha 160. Ni kasi kubwa mno ukilinganisha na tulichokuwa nacho, lakini haimo kwenye kundi hilo, na hakuna ubaya wowote katika kusema hivyo. Barani Afrika reli ya kundi hilo ipo Morocco, kati ya Tangier na Casablanca. Ilifunguliwa mwaka 2018 na treni zake hufika kilomita 320 kwa saa.

Hiyo ya Morocco inatusaidia kufika kwenye kiini cha mambo. Tangier hadi Casablanca ni kilomita 323, na treni ile hutumia saa mbili na dakika kumi. Piga hesabu: wastani wake ni kilomita 149 kwa saa, chini ya nusu ya spidi yake kubwa. Sababu mojawapo ni kwamba kuanzia Kenitra hadi Casablanca inapita kwenye reli ya zamani, ambako haiwezi kukimbia hivyo. Sasa rudi kwetu. Kilomita 450 kwa saa tatu na nusu ni wastani wa karibu kilomita 129 kwa saa, na kikomo ni 160. Kwa kipimo hicho treni yetu inatumia sehemu kubwa ya uwezo wake. Madaraka Express ya Kenya, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ina kikomo cha 120 kwa treni za abiria na hutumia kama saa tano kati ya Nairobi na Mombasa. Wastani wake hauzidi sana 95.

Kwa hiyo spidi ya 160 ni kikomo, yaani mwendo ambao treni inaruhusiwa kuufikia pale njia inapokuwa nzuri. Muda wa safari unaamuliwa na mambo mengine, na la kwanza ni kusimama.

Gharama ya kusimama

Watu wengi hudhani treni ikisimama dakika mbili Kilosa, safari imeongezeka dakika mbili. Si hivyo. Treni inayokwenda 160 inafunika mita 44 kila sekunde. Ili isimame kwa utulivu, bila kumwangusha bibi aliyesimama na mjukuu kwenye ujia wa behewa, inaanza kupunguza mwendo zaidi ya kilomita moja kabla ya jukwaa. Ikiondoka, inahitaji dakika mbili au zaidi kurudi kwenye 160, hasa kama inavutwa na kichwa kimoja na mabehewa mengi nyuma. Katika dakika zote hizo za kupunguza na kuongeza, treni inakwenda, ila inakwenda polepole kuliko ambavyo ingekwenda kama ingepita moja kwa moja. Ukijumlisha, kusimama kwa dakika mbili kunakula kama dakika nne za safari, na ukichelewa upakiaji wa mizigo ya abiria zinakuwa tano au sita.

Sasa zihesabu stesheni. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro kuna Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Kati ya Morogoro na Dodoma kuna Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu. Ukijumlisha Morogoro yenyewe unapata kumi. Treni ambayo ingesimama kote ingepoteza kama dakika arobaini dhidi ya ile isiyosimama popote. Hapo ndipo inapotoka ile nusu saa na ushei inayozitofautisha treni ya haraka na ya kawaida. Magurudumu hayatofautiani sana kwa mwendo. Treni ya haraka ni ya haraka kwa sababu imepunguziwa vituo.

Kenya mpangilio ni uleule kwa majina mengine. Treni inayopitia kaunti husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na hufika baada ya ile ya moja kwa moja ingawa reli ni ile ile na vichwa ni vya aina ile ile ya dizeli.

Reli moja, treni mbili

Jambo la pili linaonekana kidogo kwa abiria, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Ulishawahi kusikia kwamba SGR ya Dar hadi Morogoro ni kilomita 300? Takwimu hiyo ilirudiwa sana wakati wa ujenzi, na watu wakashangaa, maana kwa gari Morogoro ni chini ya kilomita 200. Maelezo yake ni haya: njia kuu ni kilomita 205, na kilomita 95 zilizobaki ni reli za pembeni, yaani njia za kupishania treni na zile za stesheni na yadi. Kipande cha Morogoro hadi Makutupora, mbele kidogo ya Dodoma, kina kilomita 336 za njia kuu na 86 za pembeni.

Maana yake ni kwamba kati ya stesheni na stesheni kuna njia moja tu. Treni ya kwenda na ya kurudi zinatumia chuma kilekile. Fikiria uchochoro wa Lamu ambao punda mwenye magunia anauziba wote: akija mwenzake kutoka upande wa pili, mmoja lazima aingie kwenye upenyo wa mlango asubiri mwingine apite. Njia za kupishania ndizo ule upenyo. Treni moja inaingia pembeni, tena kwa mwendo wa chini kwa sababu pale reli inapogawanyika haiwezekani kupinda kwa 160, inasimama, inasubiri, kisha inatoka na kuanza kukusanya mwendo upya. Nyingine inapita bila kupunguza.

Nani asubiri? Hilo linaamuliwa na anayepanga ratiba miezi kabla, na waongozaji wa treni siku yenyewe. Kwa kawaida treni ya haraka inapewa kipaumbele na ya kawaida inasubiri, kwa hiyo ya kawaida inaadhibiwa mara mbili, kwa vituo vyake na kwa kupisha. Na ikitokea treni moja imechelewa kutoka Dodoma kwa dakika ishirini, ile iliyopangwa kukutana nayo Kilosa itakaa pale dakika ishirini, halafu itachelewa kukutana na ya tatu. Ndiyo maana kuna siku treni yako imesimama porini, hakuna stesheni, hakuna hitilafu, na hakuna kinachoonekana dirishani. Baada ya muda unasikia mvumo upande wa pili, treni inapita kwa kasi, na yako inaondoka. Ningependa sana watangazaji wa ndani ya treni waseme jambo hilo kila linapotokea. Sentensi moja ingetosha kuondoa hofu.

Kwa sababu hiyohiyo ratiba nzuri huwekewa dakika za akiba. Kama safari inawezekana kwa saa tatu na dakika kumi siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa, haiandikwi hivyo, kwa kuwa ingekuwa ratiba ya kuwaangusha abiria mara nne kwa wiki.

Milima nayo ina sauti. Morogoro iko mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, Dodoma zaidi ya mita 1,100, na sehemu kubwa ya kupanda huko iko baada ya Kilosa, kwenye bonde la Mkondoa na vilima vyake. Wajerumani walipojenga reli ya kati, iliyofika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, walifuata bonde lile kwa kona nyingi, na mafuriko yakawa yanaisumbua miaka yote. Yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu vibaya kipande cha Kilosa hadi Gulwe. SGR imetobolewa mahandaki manne eneo hilo na kuwekewa madaraja marefu ili kona zipungue. Zimepungua, hazikuisha. Penye kona treni inashusha mwendo kwa ajili ya usalama na ili chai isimwagike.

Je, ni upana wa reli unaoleta kasi?

Hii ndiyo imani iliyoenea kuliko zote: kwamba treni ya zamani ilikuwa ya polepole kwa sababu reli yake ni nyembamba, milimita 1,000, na mpya ina kasi kwa sababu ni pana. Upana unasaidia, hasa kwa uthabiti na kwa kubeba mizigo mizito, lakini peke yake hauleti kasi. Japani kulikuwa na treni ya Hakutaka iliyokimbia 160 kwa saa hadi mwaka 2015 kwenye reli ya Hokuhoku, ambayo upana wake ni milimita 1,067. Upana huo ndio wa TAZARA, reli yetu na Zambia. Kwa upande mwingine, reli ya Kenya ina milimita 1,435 kama ya kwetu na kikomo chake ni 120.

Kinachoruhusu 160 ni mkusanyiko wa mambo. Kona pana. Tuta imara. Uzio pande zote mbili na vivuko vya juu au vya chini, ili pasiwe na mahali ng'ombe, bodaboda na treni wanakutana usawa mmoja. Na mfumo wa kuongoza treni. Dereva anayekwenda mita 44 kwa sekunde hawezi kutegemea kuona taa ya ishara kando ya reli ndipo ashike breki, kwa kuwa taa akiiona, nafasi ya kusimama imeshakwisha. Kwa hiyo reli ya Tanzania imewekewa mfumo wa Ulaya ambao taarifa inamfikia dereva kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kioo mbele yake: unaruhusiwa kufika kilomita fulani, kwa mwendo fulani. Akipitiliza, mfumo unafunga breki wenyewe.

Hapo hapo ndipo linapojibiwa swali jingine la mara kwa mara, kwa nini treni za reli moja zisipite kwenye nyingine. Tanzania ina reli za vipimo vitatu: 1,000 ya zamani, 1,067 ya TAZARA na 1,435 ya SGR. Tofauti ya mbili za kwanza ni milimita 67, na hata hiyo inatosha kufanya mzigo ushushwe na kupakiwa upya pale Kidatu zinapokutana. Na hata vipimo vikilingana bado si tiketi ya kupita popote. Mchongoko ukiupeleka Mombasa leo utatoshea kwenye reli vizuri kabisa na hautasogea hata hatua, kwa kuwa kule hakuna waya wa umeme juu.

Mchongoko unatofautiana vipi na treni yenye kichwa? Kwenye treni ya kawaida ya SGR nguvu yote iko kwenye kichwa cha umeme, na mabehewa yanaburutwa. Kwenye mchongoko mota zimegawanywa chini ya mabehewa kadhaa, kwa hiyo magurudumu mengi yanasukuma kwa pamoja. Faida yake kubwa iko kwenye kuondoka na kusimama: inafika 160 mapema zaidi. Ikifika mwisho wa safari haihitaji kichwa kizungushwe kuwekwa upande wa pili, dereva anahamia chumba cha upande mwingine na safari ya kurudi inaanza. Tanzania iliagiza seti kumi za aina hiyo, kila moja ina mabehewa manane, kutoka kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini, pamoja na vichwa 17 vya umeme.

Umeme ukikatika

Kuna wanaosema, umeme ukikatika Kimara treni inasimama Soga. Umeme wa nyumbani na wa treni havitoki kwenye mlango mmoja. Treni inachukua volti 25,000 kutoka waya wa juu, na waya huo unalishwa na vituo vya kupoza umeme vilivyojengwa kwa ajili ya reli, ambavyo navyo vimeunganishwa na laini ya msongo mkubwa wa kilovolti 220. Transfoma ya mtaani kwako ikiungua, treni haijui. Kinachoweza kuigusa ni hitilafu kubwa ya gridi nzima, au hitilafu kwenye waya wake wenyewe.

Hiyo ya pili ilitokea mapema. Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya safari za Dodoma kuanza tarehe 25, treni ilikwama njiani, na Shirika la Reli likaeleza kuwa ngedere na bundi walisababisha hitilafu kwenye miundombinu ya umeme. Maelezo hayo yalichekwa sana. Kiufundi yanaelezeka bila shida. Waya wa volti 25,000 unatenganishwa na nguzo kwa vikombe visivyopitisha umeme. Mnyama akigusa upande wa waya na upande wa nguzo kwa wakati mmoja, anakuwa daraja, umeme unakimbilia ardhini, na swichi za ulinzi zinakata kipande hicho ili vifaa visiungue. Reli za umeme za nchi nyingine zinapambana na ndege na wanyama wadogo vilevile, na dawa yake ni vizuizi juu ya nguzo na kukata matawi yaliyo karibu, kazi isiyokwisha.

Baada ya hayo yote, safari inaweza kufupishwa? Inaweza, ila si kwa kununua treni yenye spidi kubwa zaidi. Kupandisha kikomo kutoka 160 hadi 200 kungedai kona, waya na breki nyingine, na dakika zingepatikana chache. Dakika nyingi ziko kwenye kupishana. Na presha hapo inakuja, kwa kuwa reli hii imejengwa kubeba mizigo pia, kwa kikomo cha 120, na treni ya mizigo yenye mwendo wa chini mbele ya treni ya haraka ni lazima iingizwe pembeni ipishe. Vipande vya Makutupora hadi Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma vikianza kazi, treni zote za kutoka huko zitaingia kwenye njia ileile moja kuja Dar es Salaam. Nafasi zaidi za kupishana, au njia ya pili kwenye vipande vyenye msongamano, vitafanya zaidi kwa abiria kuliko pua ndefu kuliko ya mchongoko.

Njia nyingine ya kufupisha ni rahisi na inavutia, nayo ni kufuta vituo. Mimi siipendi. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, mwaka 2024 ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, na mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili alilipiwa nusu. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayewahi kikao Dodoma, dakika arobaini ni kitu. Kwa mkulima wa Gulwe au Kidete, ambako barabara ya lami iko mbali na masika hukata njia, treni inayosimama ndiyo usafiri wenyewe. Reli moja ina nafasi ya wote wawili, mradi ratiba ichapishwe wazi ikionyesha kila treni inasimama wapi na inapisha wapi, na abiria aambiwe anapokata tiketi kwamba hii ni ya saa tatu na nusu na ile ni ya saa nne.